Marta na Theluji ya Machi

Sisi Wabulgaria tunasema Machi ni bibi kizee mwenye hasira za karibu, jina lake Marta: akicheka, jua; akinuna, theluji. Jirani yangu alizaliwa siku ya kwanza ya Machi, wazazi wakampa jina hilo ili bibi kizee aridhike. Kumbe walimtwisha kesi ya maisha! Kila theluji ikianguka, tunampigia kelele: "Marta we, umenuniana na nani tena? Miche yetu inakufa!"

Alipopata mjukuu, alimwambia mke wa mwanawe, Rositsa, "Mpe jina lolote, ila si langu."

Rositsa alikuwa anamfunga mtoto mkononi uzi mwekundu na mweupe, ule tunaouvaa kila Machi mpaka tuone ndege korongo wakirudi. "Mama, mimba iliponilaza kitandani, nani alinilisha? Huyu ni Marta, basi."

"Mjinga we!" alisema Marta, machozi yakimtoka. Ndiyo asante yake hiyo.

Juzi theluji ilifunika maua ya miplamu. Nikapaza sauti, "Nyie akina Marta, nani kanuna leo?"

Dirisha likafunguka. "Mimi!" akajibu bibi, mtoto kifuani. "Huyu mwacheni."