Mikono Yangu Bado Inamtafuta Barasa

Nakumbuka jioni moja pale Rongai, mwanangu, nikiwa wakili kijana mwenye shingo nene kuliko vitabu vyake. Mieleka niliipenda tangu utotoni, na mpaka leo sijui kama nilisomea sheria kwa kupenda haki au kwa kupenda kukabana na mtu. Wenye ndimi kali watakwambia yote mawili ni ugomvi. Waache waseme.

Jioni hiyo nilikuwa nikifanya mazoezi kwenye uwanja wa umma, mahali alipotufundishia mieleka Mzee Koros, mwanajeshi mstaafu aliyetoka kambi ya Gilgil. Uwanja wenyewe ulikuwa umeanza kutuponyoka. Tajiri mmoja alikuwa amesimika nguzo za ua pembeni, akidai ardhi ni yake, na kesi ya kumzuia nilikuwa nimeibeba mimi kwa kujitolea. Sasa siku ya kusikizwa kesi ikaangukia siku ya fainali ya mieleka kwenye maonyesho ya kilimo, Nakuru. Mpinzani wangu alikuwa Barasa, dereva wa lori la mahindi, mtu pekee aliyewahi kunilaza chali. Nilikuwa nimemngoja mwaka mzima.

"Nitaomba kesi iahirishwe," nikamwambia Mzee Koros. "Sisi mawakili hatukosi sababu."

Alizitazama zile nguzo, kisha akanitazama mimi.

"Sasa wewe wakili," akasema, "hii kesi ukiahirisha, huyo jamaa naye ataahirisha trekta yake? Akishalima hapa, hawa vijana watapigana mieleka wapi? Kwa ofisi yako?"

Nilikasirika, mwanangu. Nilimwona mzee hajui uchungu wa kumngoja Barasa. Lakini mshika mbili moja humponyoka, na mwanamieleka anajua kuliko watu wote kwamba mkono mmoja haukabi shingo mbili.

Nikaenda mahakamani. Kesi ilisikizwa kutwa nzima, na kila wakili wa upande wa pili aliposimama kusema, mawazo yangu yalikimbilia kule kwenye maonyesho. Jioni jaji akaamuru nguzo zing'olewe. Watu wa Rongai walinibeba juu juu, nami nilitaka tu kushushwa niende nikamwone Barasa.

Nilimkuta peke yake, ameketi kando ya maranda ya mbao yaliyomwagwa kwa ajili ya mieleka, ng'ombe wa maonyesho wakipakiwa kwenye malori. Refa alikuwa ametaka kumwinua mkono kwa kuwa sikutokea. Barasa alikataa.

"Nitashindaje mtu sijamgusa?" akaniambia.

Nikaanza kuvua koti. Akacheka.

"Wacha leo. Nikikuangusha watasema nimeangusha suti. Tutakutana tu, boss."

Hatukukutana. Mamake aliugua, akarudi kwao Bungoma. Baadaye mgongo wake ukaumia, na magoti yangu nayo yakakataa. Mwaka jana nilisafiri kwenda kumzika. Nikiwa kando ya kaburi niliona mikono yangu imejikunja yenyewe, kama tulipokuwa tukingoja filimbi ya refa.

Tangu siku ile ya kesi nimewatetea watu katika kesi za maji, za barabara na za viwanja vya shule, na sijutii hata moja. Lakini Jumapili nikitoka kanisani huenda Rongai, nikakaa kuwatazama vijana wakiangushana kwenye nyasi zile, na moyo unaniuma kwa hamu. Natamani dakika chache tu za kukabana na Barasa. Angenilaza chali, nadhani, na ningefurahi.

Basi nisikize, mwanangu. Asikudanganye mtu kwamba ukitenda jema hutaumia. Kuwatumikia watu kutakuchukulia kitu unachokipenda, na kitu hicho utakitamani mpaka uzeeni. Kitamani, si dhambi. Ila usikubali uwanja wa wote upotee ili wewe upate pambano lako. Na mpinzani wako umheshimu, maana asiyekubali kushindwa si mshindani, na huenda yeye ndiye atakayekungoja wengine wakishakwenda nyumbani.

Mungu akupe magoti yenye nguvu na uwanja usio na ua. Akupe na Barasa wako, kisha awakutanishe mapema, mikono yenu ingali na nguvu za kukabana.