Seva Iliyovishwa Kitambaa

Seva ya redio yetu ilizimika mchana ikiwa imevaa kitambaa cha kufuma, na ndani yake mlikuwa na sauti ya bibi mmoja wa Mchinga aliyekuwa ameshazikwa.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni mwandishi wa habari katika kituo kidogo hapa Lindi. Fundi wetu alipohamia Dar es Salaam, meneja alinikabidhi seva, kompyuta inayotunza vipindi vyetu, kwa hoja moja: "Wewe unapenda kuuliza." Iliendeshwa na mfumo huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuusoma na kuurekebisha. Hakuna picha za kubofya. Ni kioo cheusi, herufi nyeupe, na wewe unaandika amri.

Nilijifunza roho juu. Nikiwa nyumbani Mtanda napalia wali makaa, akili ilibaki kwenye amri niliyoiacha ikifanya kazi ofisini. Fundi alinielekeza kwa simu.

"Dada, unaandika sana. Soma kwanza. Mashine ikianguka huacha maelezo. Si mwandishi wewe? Ihoji."

Kumbe mfumo huandika kila tukio: nani aliingia, nini kilikataa, saa ngapi. Kazi hiyo niliifahamu. Shahidi humkatizi, unamwacha aseme.

Kwa hiyo seva ilipoanza kuzimikazimika na wenzangu wakalaumu umeme, nilifungua maelezo yake. Umeme haukutajwa. Kulikuwa na onyo la joto, tena na tena, kisha kimya. Nikakimbilia chumba cha mashine. Kitambaa cheupe chenye maua kilikuwa kimeifunika mpaka chini. Kwetu redio, televisheni, hata friji huvishwa hivyo, kuzuia vumbi na chumvi ya upepo. Ndiyo heshima ya kitu cha thamani. Mtangazaji wetu mkongwe, aliyenifuata mle chumbani, alikuwa amekifuma kwa mkono wake.

"Mama, inakosa hewa," nilimwambia huku nakivua.

"Redio ya marehemu baba ilivaa hivyo miaka yote, haikupata hata mafua."

"Hii inahema, mama. Matundu haya ndiyo pua."

"Haya, mvue. Akianza kupiga chafya usiniite."

Tulicheka. Kicheko kikakatika nilipoiwasha: kule kuzimika ghafla kulikuwa kumeharibu diski ya vipindi, na nakala nyingine hatukuwa nayo. Wiki hiyohiyo mama mmoja alikuwa amepiga simu kutoka Mchinga. Mama yake, aliyesimulia hadithi kwa lugha ya Kimachinga katika kipindi chetu, alikuwa amefariki. Arobaini ilikuwa Jumamosi. Wajukuu waliokulia mbali hawakuwahi kumsikia, naye aliomba ile sauti.

Nilimpigia fundi, nikaandika amri ya kukarabati diski. Kioo kikaanza kuuliza: nirekebishe, nisirekebishe?

"Kaka, nikikubali, si vitafutika?"

"Vingine, ndiyo. Ukikataa, hufungui hata kimoja."

Nikakubali. Niliketi, nikasimama, nikaketi tena. Vipande vingi vilirudi, lakini bila majina. Mfumo ulivirundika mahali pamoja kama vitu vilivyookotwa njiani, kila kimoja na namba tu. Mimi nyumbani tunasema Kimakonde. Sikuweza kuwatenganisha mabibi wote waliosimulia katika kipindi kile. Ikabidi mwenye mama aje mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mama yangu mlimfunika akakosa pumzi."

Sikujua kama nicheke. Nilimpa vifaa vya masikioni.

"Siye," alisema. Nikafungua kingine. "Siye. Huyu jirani yetu, mzima kabisa, jana tu kaniazima kinu."

Kisha kikaja kipande kifupi: wimbo wa katikati ya hadithi, kikohozi, na sauti kukatika. Aliinamisha kichwa.

"Rudia."

Nikarudia. Akaniashiria tena, na tena.

"Ndiye?"

"Kikohozi ni cha mama. Kuimba ni kwa mama mkubwa, dada yake. Walikuja kurekodi pamoja."

"Mama mkubwa tunaweza kumuuliza?"

"Alitangulia yeye."

Tulisikiliza vyote vilivyobaki. Hakuna kingine kilichomfanya ainamishe kichwa. Aliondoka na kipande kile kwenye simu yake. Jumamosi ni kesho. Bado hajanipigia kuniambia wajukuu wataambiwa wanamsikiliza nani.