Jogoo wa Marehemu Dada Yangu

Shemeji yangu ni seremala aliyeacha useremala, ila useremala haujamwacha. Ukimkuta uwanjani kwake anarekebisha banda la kuku, na ukirudi kesho utamkuta anarekebisha alichorekebisha jana. Banda lile lina heshima kuliko nyumba. Sakafu imeinuliwa juu ya magogo ili unyevu usiwapande kuku, madirisha yana wavu wa matundu madogo ambao nyoka akiutazama anarudi kwao, na viota vimepangwa ukutani kama makabati ya duka la dawa. Nyumba anamolala yeye inavuja juu ya kochi. Amekinga ndoo.

Alipokuwa hai mkewe, ambaye ndiye dada yangu mkubwa, huyu bwana hakujua hata kuku anakula nini. Kuku walikuwa wa dada. Yeye alikuwa wa karakana, iliyo ng'ambo ya uwanja uleule, lakini randa ikianza kulia asubuhi alikuwa kama mtu aliyesafiri. Mchango wake ulikuwa maranda. Jioni aliyabwaga mlangoni mwa banda, dada akayatandika chini ya kuku, basi. Ndoa yao ilikuwa hivyo, na wala haikuwa mbaya. Mbaya nimeziona.

Dada aliugua figo, akaondoka polepole, akiuliza habari za kuku kuliko za watu. Tulipokwisha mzika, binti yao wa pekee, aliyeolewa mbali, alimwambia baba yake auze kuku, afunge nyumba, wafuatane. Mzee akasema sawa, ngoja auze. Binti akarudi kwa mumewe kungoja, na mpaka leo anangoja. Mimi nilielewa. Mtu aliyebaki peke yake anahitaji kitu cha kumfungulia mlango asubuhi. Wengine wana kazi, wengine wana wajukuu. Yeye alikuwa na kuku, na kuku wasiofunguliwa hupiga kelele mpaka uone haya.

Basi akajifunza kuku uzeeni, kwa njia moja tu: kukumbuka alivyofanya dada. Asichokikumbuka alikuja kuniuliza mimi, ninayekaa nyumba ya pili kutoka kwake na cherehani yangu.

"Shem, dada yako alikuwa anaweka majivu upande gani wa banda?"

"Majivu hayana upande, shemeji. Weka palipo pakavu, kuku waogee, viroboto wafe."

"Lakini yeye aliweka upande gani?"

"Kushoto."

Akaondoka ameridhika. Kama ni kushoto au kulia mimi sijui hata leo.

Na alifanikiwa, haki yake nimpe. Kuku waliotaka kutamia aliwalaza kwa pamoja, wawili watatu siku moja, ili vifaranga vikitoka avikusanye chini ya mama mmoja mpole na wale wengine warudi kutaga mapema. Mayai ya kulalia aliyachagua kwa mkono: si makubwa kupita kiasi, si ya mviringo kama mpira, yasiyo na ufa, na yasiyokaa ndani mpaka yakachoka. Baadaye aliyapima kwa tochi kwenye chumba cha giza. Lenye mishipa lilirudi chini ya mama yake, lisilo na kitu lilitolewa. Vifaranga alivilea ndani ya sanduku refu la mbao lenye kifuniko cha wavu, mwewe asipate hata habari kwamba kuna mzazi. Chanjo ya mdondo hakuiruka. Kuku wa mtaa wakiinamisha shingo na kufa, wa kwake walikuwa wanawika.

Ni kuku wa vishungi, wale wenye manyoya utosini kama mtu aliyeamka hajachana nywele. Mitetea yao ina majivuno, jogoo wao ni mwekundu wa kung'aa. Watu walikuja kuomba mbegu. Mzee akawa anasimama mlangoni mwa banda mikono nyuma, anasema, "Hawa ni wa mke wangu," kama vile ameingia ndani mara moja na atatoka.

Jambo moja tu alilikataa. Jogoo aliyeachwa na dada alipozeeka, mzee alimweka mwanawe. Mwana alipochoka, akamweka mjukuu. Ukimgusia jogoo wa nje alikuwa anajibu kwa kifupi: "Humu haingii mgeni." Nikadhani ni majivuno ya mfugaji tu, na mfugaji asiye na majivuno sijamwona. Nikashika cherehani yangu.

Kisha akaanza kunikwepa. Zamani vifaranga vikitotolewa nilikuwa naitwa kabla havijakauka. Sasa misimu ilipita kimya. Nikimuuliza anasema, "Wapo, wapo," huku anatazama nyundo.

Asubuhi moja nilimpelekea pumba nikapitia mlango wa nyuma. Nilimkuta amechuchumaa karakanani, mbele yake bakuli la maji ya uvuguvugu, mkononi yai. Alikuwa analibandua ganda kwa ukucha, kipande kwa kipande.

"Unafanya nini, shemeji?"

"Namsaidia kutoka."

"Kifaranga akishindwa na ganda lake hasaidiwi. Ukimtoa leo utamzika kesho."

"Huyu ana nguvu kidogo."

Huyo mwenye nguvu kidogo alikuwa na mdomo uliopinda, wa juu unaelekea huku na wa chini kule, kama mkasi uliolegea. Nilizunguka nyuma ya karakana. Palikuwa na shimo lililofukiwa nusu, limejaa mayai viza na vifaranga vilivyofia ndani ya ganda. Nikarudi.

"Tangu lini?"

"Msimu uliopita. Na ule wa kabla yake, kidogo."

"Na mitetea?"

"Inataga. Ila ukipima, mengi hayana kitu. Yenye mishipa nayo, mishipa inakatika njiani." Akamweka kifaranga kwenye kitambaa. "Nimebadilisha maranda. Nimebadilisha chakula. Nimewasha taa ya kuwapa joto. Shem, kuku wa dada yako wanaisha mikononi mwangu."

"Shemeji, jogoo wako amewapanda shangazi zake, akawapanda dada zake, sasa anawapanda binti zake. Unataka watoke nini, malaika? Badilisha jogoo."

"Siwezi."

"Nani kakukataza?"

"Dada yako."

Nikakaa juu ya benchi la randa, maana maneno hayo huyasikilizi ukiwa umesimama.

"Alisema asiingie kuku, asitoke kuku," akasema. "Ulikuwepo. Ulishika kikombe cha maji. Ndilo neno la mwisho la maana alilonipa."

Ni kweli nilikuwepo, na kikombe nilikishika. Kilichokuwepo pia ni mdondo. Wiki ile ugonjwa ulikuwa umeingia mtaani, kuku wa majirani wanaanguka mmoja baada ya mwingine, na watu wanahangaika kuuza walio hai kabla hawajafa. Dada, mgonjwa hivyo, alisikia kelele za wanunuzi dirishani, akasema asiingie kuku wala asitoke. Lilikuwa neno la wiki ile. Huyu amelifanya wasia.

Nikamweleza.

"Hakutaja mdondo," akasema.

"Hakuwa na pumzi ya kutaja yote. Na mtu anayefuga angeelewa."

"Mimi sikuwa nafuga."

"Ndiyo hivyo."

Akafikiri. Nikaona anatafuta pa kushika. "Lakini jogoo alikuwa mmoja miaka yote. Mwekundu, mwenye kishungi. Nilikuwa namwona."

"Walikuwa wengi, shemeji. Kila baada ya misimu michache dada alimtia jogoo kikapuni akampeleka kwa Mama Mashine, yule wa kusaga unga, akarudi na mwingine. Mbegu ya vishungi waligawana wao wawili tangu mwanzo, kila mmoja akafuga upande wake, wakawa wanabadilishana ili damu isijirudie. Ndiyo maana wakafanana."

"Walipita wapi?"

"Hapo. Mbele ya mlango wako huu."

Alitazama mlango. Hakuwa mtu wa kulia, na hakulia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa. Unapiga randa."

Kifaranga kilikufa kabla ya jioni. Kwa siku kadhaa sikusikia nyundo. Nilipita nikaona kuku wamefunguliwa na maji yamewekwa, lakini yeye amekaa ndani karibu na ndoo yake. Nikasema moyoni, huyu sasa atauza, atakwenda kukaa chumba cha nyuma kwa mkwewe, aitwe babu wa pembeni. Kumbe alikuwa anajikaza. Siku moja akaja dirishani kwangu amevaa shati la kutokea, kikapu mkononi, kishungi cha jogoo kinachungulia.

"Nisindikize, shem. Huyo mama mimi simjui."

"Unakula unga wake maisha yako yote."

"Unga naujua."

Tulimkuta Mama Mashine ameupaka uso unga mpaka kope. Mkanda wa mashine ulikuwa unapiga, huwezi kusikia hata mawazo yako. Alipomwona nani kaja, akaizima.

"Fundi," akasema. "Nilijua utakuja. Sikujua utazeeka kwanza."

"Nimekuja kubadilishana jogoo. Kama mlivyokuwa mnafanya."

Akamtoa yule jogoo kikapuni. Akampapasa mfupa wa kifua, akampulizia manyoya kutazama ngozi, akamtazama vidole vya miguu vilivyojikunja. Akamrudisha.

"Huyu si wa kubadilishana. Huyu ni wa sufuria, na sufuria yenyewe iwe na subira."

"Basi sina cha kukupa."

"Nani kakuomba? Shoga yangu alinipa mengi. Chagua."

Uani kwake majogoo walikuwa watatu, wekundu, wenye vishungi vya kujaa. Yeye alikuwa hajalala: baada ya dada kufariki alitafuta mfugaji mwingine wa kubadilishana naye. Mzee akachagua kwa macho ya seremala, akamtaka aliyesimama wima kuliko wote. Mama Mashine akamfunga miguu huku anaongea.

"Alikuwa akifika anakaa pale, juu ya gunia lile. Ananichekesha mpaka wateja wanalalamika unga wao hautoki. Alikuwa anaiga watu. Mtaa mzima alikuwa nao mfukoni. Hata wewe, fundi, alikuiga."

"Mimi?"

"Unatafuta penseli nyumba nzima, na penseli ipo sikioni. Alivyotembea vile, nilikuwa nashika mbavu."

Mzee alikaa juu ya gunia. Hakuna aliyemkaribisha. "Alikuwa anaiga?" akauliza. "Mke wangu?"

"Kwani kuna mwingine?"

Njia nzima ya kurudi alibeba kikapu kimoja kila mkono, cha pili ameazimwa na Mama Mashine. Tulipokaribia kwake akasema, "Ulijua kwamba dada yako ni mchekeshaji?"

"Tangu utotoni. Alichapwa sana kwa ajili hiyo."

"Kwangu alikuwa mkimya."

"Kwako kulikuwa na randa na msumeno. Angemchekesha nani?"

Nilijuta kidogo kwa ukali ule, lakini yeye aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepimiwa ubao akakuta kipimo ni sahihi.

Jogoo mpya hakuingizwa bandani siku hiyo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mgeni mwenye busara hukaa mbali kwanza mpaka ijulikane hakuja na ugonjwa. Alifungwa karakanani, akawika juu ya benchi la randa kana kwamba alilipigilia yeye. Mzee alishindwa kumchinja yule wa zamani. Nikamchinja mimi, nikamla, na Mama Mashine hakusema uongo kuhusu sufuria. Alipoachiwa yule mgeni, mitetea ilimkimbia siku nzima, mmoja akamdonoa kishungi. Kesho yake walikuwa wanamfuata nyuma kama maharusi.

Msimu ule mayai yalipopimwa, mzee alikuja kuniita, akanipa tochi nishike mwenyewe. Mishipa imejaa, inapiga. Vifaranga walipasua ganda bila msaada wa mtu, wakasimama, wakaanza kugombania maji wakiwa bado wamelowa. Midomo imenyooka. Mzee aliwatazama, akasema, "Wazima," basi, akaenda kutafuta kifuniko cha sanduku. Sasa banda limejaa hata ameongeza chumba, na watu wameanza tena kuja kuomba mbegu. Akiwapa, anawaambia wabadilishe jogoo kila baada ya misimu miwili, anawaambia kwa ukali, kama vile wameshakosea.

Mngesema basi amepona. Mimi pia ningependa kusema hivyo.

Anakwenda kwa Mama Mashine kila wiki. Anabeba mahindi kidogo, kiasi cha kusaga kwa jiwe nyumbani, ili apate sababu ya kupanga foleni. Akisagiwa haondoki, anakaa juu ya gunia, unga umefungwa magotini, anangoja mashine izimwe. Kisha anauliza: Na yule mwenye duka alimwigaje? Na siku ya mvua, alikuja? Alicheka vipi, kwa sauti au kwa pumzi? Mama Mashine ni mtu mwema, anamjibu. Lakini juzi alinivuta pembeni akaniambia yameisha. Ameshamwambia yote anayoyakumbuka, hana jingine, sasa anarudia yaleyale.

"Na yeye?" nikauliza.

"Anasikiliza," akasema. "Ananiuliza tena tangu mwanzo."