Panya Waliomshinda Glenys

Kwa miaka kumi na tisa, mtu yeyote wa mji wa Barnsley, Uingereza, aliyechoka na panya wake wa kufugwa alijua pa kumpeleka: kwa Glenys Thackray. Wengine walibisha hodi. Wengine waliacha boksi mlangoni na kutoka mbio, maana Glenys alikuwa na mdomo. Mtoto kanunuliwa panya siku ya kuzaliwa, wiki ya pili keshamchoka, mama mtu analeta boksi, na Glenys anamuuliza mbele ya majirani, "Na huyo mwanao ukimchoka utamleta hapa?" Lakini panya alimpokea, akamtibu, akamtafutia mwenzake, kwa kuwa panya akiishi peke yake hunyong'onyea. Kisha akawatafutia wote wawili makao, na nyumba ya kuwapokea aliikagua kama anaozesha binti.

Waliomtia hasira kuliko wote ni walioshindwa kutenganisha majike na madume, hadi nyumba ikajaa vitoto.

"Ni uvivu tu," alikuwa akisema. "Inua mkia, tazama. Mtu mwenye macho anashindwaje?"

Nyani haoni kundule, na Glenys, akiwa na miaka sabini na moja, alikuwa haoni na mengine mengi. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Kila kitu alikiona kama kupitia kioo cha bafuni chenye mvuke. Hospitali walimwita mara mbili, hakwenda. Akikiri kwamba haoni, nani angemwachia panya tena? Na bila panya, ile nyumba ingekuwa na nani ndani?

Mwezi wa pili likaachwa boksi la vitoto wanane, umri wiki tano. Akainua mikia mmoja mmoja, akakisia, akawatia wote kwenye kizimba cha madume. Watatu walikuwa majike. Panya hubeba mimba wiki tatu, na kuzaa kumi kwa mpigo si ajabu. Kufikia Pasaka alikuwa ameshajua. Angewapigia simu wenzake wa kazi hii siku ile ile, wangekuja, na mambo yangeishia hapo. Hakupiga. Nilimpenda Glenys, lakini hapa simtetei: ni aibu tu, na aibu yake iliwagharimu wasio na kosa.

Novemba ikafika barua ya baraza la mji. Jirani kalalamikia harufu, na Ijumaa wangekuja watu na sumu. Hapo ndipo alipompigia Janine Oldroyd, mwanafunzi wake wa zamani katika kazi hii.

"Wako wangapi?" Janine akauliza.

"Thelathini. Thelathini na kitu."

Janine alipofungua mlango wa sebule, ukali wa mkojo ulimtoa machozi. Walikuwa kwenye vizimba, kwenye droo, ndani ya kochi walilolitoboa. Wengine walikuwa na mikia iliyotafunwa. Nyuma ya kochi walikuwepo waliokufa, wakubwa kwa wadogo, na wengine walikuwa wameliwa nusu na wenzao. Kazi ya kuwakamata na kuwatia kwenye maboksi iliwachukua tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Walio hai walikuwa mia moja thelathini na sita, na Janine alijua bila kuambiwa kwamba arobaini kati yao daktari wa mifugo angewachoma sindano ya kuwapumzisha milele.

"Ungeniambia, Glenys."

"Ungekuja na huo uso ulio nao sasa."

"Ningekuja nao Aprili. Wasingefika hata hamsini."

Boksi la mwisho lilipokuwa mezani, vitoto wa wiki tano, Glenys alitia mkono ndani.

"Niachie wawili, mpenzi. Baraza halikatazi wawili." Akapapasa, akainua mikia kwa zamu, akatoa mmoja mweusi na mmoja wa kijivu. "Hawa. Madume wote."

Janine alitazama. Wa kijivu alikuwa jike, wazi kabisa, hata kwa aliyeanza kazi jana. Angeweza kumbadilisha kimyakimya, na kidogo afanye hivyo.

"Tazama tena," akasema.

Glenys akamchukua hadi dirishani, akamwinua karibu na pua yake. Panya akamnusa shavu.

"Sioni, Janine," akasema. "Mwaka wa pili huu sioni."

"Nenda ukatibiwe. Ukipona nitakuletea wawili, nakuahidi."

"Nilikufundisha hivyo mimi? Unaahidi panya mtu mwenye nyumba kama hii?" Akawarudisha wote wawili kwenye boksi na kulifunga. "Haya, watoe kabla hawajapata baridi."