Mbeleko Iliyosema
Kusoma nimejifunza uzeeni. Mjukuu wangu wa kwanza alipozaliwa nilikuwa bado sijui, na sikununua mbeleko, maana nina cherehani na mikono. Nilichana kanga zangu mbili kuukuu, nikaunga vipande vilivyokuwa bado vizima, nyekundu kwa nyekundu, nikampelekea mkwe wangu kule Igoma. Aliikunjua, akaikunja tena, akaiweka kando.

Siku tatu sikutulia. Nikishona nakosea, nikikaa nasimama. Siku ya nne nikarudi kwake.

“Shikamoo, mama,” alisema bila kunitazama.

“Marahaba. Mbona mtoto unambeba kwa shuka?”

Akaileta ile mbeleko, akanisomea kwa kidole: “MKWE WANGU HANA HAYA.” Kisha akauliza, “Si ungeniambia kwa mdomo, mama?”

Nimejenga nyumba kwa cherehani, na mtaani kwetu Mabatini kote hakuna aliyejua kwamba sisomi. Ningeweza kusingizia macho. Nikasema, “Mwanangu, sijui kusoma. Nilipounga vile vipande nilifuata rangi.”

Akacheka mpaka mtoto akaamka. “Na kanga hiyo uliyojifunga, unajua inasemaje?”

“Inasemaje?”

Akakataa kuniambia. Nikaigeuza ndani nje palepale, ndipo nikampokea mjukuu wangu.