Mama Nyuzi na Kiyoyozi cha Mkuu

Kituo kile cha hali ya hewa kilikuwa na watumishi wanne, lakini aliyefanya kazi alikuwa mmoja tu. Huyo ndiye tunayemzungumzia. Watu walimwita Mama Nyuzi, kwa sababu kila siku saa tatu kamili asubuhi aliandika nyuzi joto, na jina lenyewe likamletea balaa: haukupita mwezi bila mtu kubisha hodi na suruali iliyochanika, akitaka kushonewa. Alieleza hadi akachoka. Mwishowe akanunua sindano.

Kazi yake haikuwa na mbwembwe. Nyuma ya ofisi palisimama sanduku jeupe la mbao juu ya miguu minne, kuta zake zina nafasi ili upepo upite. Ndani mlikuwa na vipimajoto viwili: kimoja cha kushika joto kali la mchana, kingine cha kushika ubaridi wa usiku. Mama Nyuzi alifungua, akainama hadi macho yakawa sawa na alama, akasoma, akaandika, akafunga. Miaka ishirini na sita. Alisoma akiwa na mimba ya kwanza, akasoma akiwa na ya tatu, na siku ya harusi ya mdogo wake alisoma kwanza, ndiyo maana hayumo kwenye picha hata moja. Mumewe, fundi baiskeli mwenye ulimi, aliwaambia wateja, "Mimi ni mume wa pili. Wa kwanza ni sanduku."

Basi mwaka mmoja wakaja wasomi wawili kutoka chuo kikuu. Mmoja alikuwa profesa mwenye kitambi na suspenda za kushikilia suruali, aliyeamini kuwa dunia inapata joto kwa sababu ya jua na mizunguko ya asili. Binadamu, kwake, ni chawa tu mgongoni mwa tembo. Mwenzake alikuwa daktari wa sayansi, mwanamke mwembamba asiyecheka bure, aliyeshikilia kuwa chanzo ni sisi na mioshi yetu. Walikuwa wamerushiana maneno kwenye majarida kwa miaka tisa. Sasa walitumwa pamoja kuchunguza takwimu za kituo hiki, kwa kuwa zilikuwa za miaka mingi na, ajabu, hazikuwa na pengo hata la siku moja.

Mkuu wa kituo aliwapokea ofisini kwake, penye baridi ya kugandisha siagi. Mama Nyuzi aliambiwa akae karibu na mlango, awe analeta mafaili.

Chati ikatandazwa mezani. Mstari ulipanda polepole, halafu mwaka mmoja ukaruka karibu nyuzi moja nzima, kama mtu aliyekalia mwiba.

"Umeona?" profesa akasema. "Moshi hujilimbikiza pole pole, hauruki hivi. Hapa ni jua."

"Mwaka huo barabara kuu ilipita hapa," daktari akajibu. "Lami, malori, majengo. Hesabu hayo kabla hujapanda juani."

Wakapandishiana sauti, wakachorachora chati mpaka ikawa kama uso wa mtoto aliyekula uji mwenyewe. Mama Nyuzi akakohoa.

"Samahani, wasomi wangu. Mwaka huo ndio kiyoyozi cha Mkuu kilipofungwa."

Wote wakamgeukia, naye akanyoosha kidole.

"Si hicho hapo ukutani? Mgongo wake uko nje, hatua tatu kutoka kwenye sanduku. Kinalipumulia hewa ya moto mchana kutwa. Mtu akinipumulia hivyo, hata mimi nitapanda."

"Mama, hayo ni mambo ya ndani," Mkuu akasema.

"Niliandika barua, Mkuu. Ukanijibu kwamba kipimajoto hakina haki ya kuchagua jirani."

Profesa alicheka hadi suspenda moja ikafyatuka. "Basi tumemaliza! Homa yote ni ya kiyoyozi. Dunia ni nzima!"

"Profesa, usinunue mbeleko mwana hajazaliwa." Mama Nyuzi akatoka, akarudi amekumbatia madaftari kumi na moja. Alichotaka kusema kingeweza kumfukuzisha kazi. Barua yake ilipokataliwa, alikuwa amemwomba seremala amtengenezee sanduku jingine, akaliweka kwenye majani, kona ya mbali kabisa ya uwanja, na kulitilia vipimajoto vya akiba bila kumwomba mtu ruhusa. Tangu hapo alisoma yote mawili kila asubuhi, na vipimo vya hilo la pili ndivyo vilivyojaa madaftari hayo.

Wasomi waliinamia madaftari siku tatu. Ule mruko ukafutika wote. Lakini mpando wa polepole ulibaki pale pale, mwaka kwa mwaka, na joto la usiku lilikuwa limepanda kuliko la mchana.

"Mimi sijasoma sana," Mama Nyuzi akasema, "ila kama mwenye kosa ni jua, mbona usiku ndio unaozidi? Jua siku hizi lina zamu ya usiku?"

Daktari akacheka, mara ya kwanza tangu afike. "Hewa chafu tunayotoa ni kama blanketi, mama. Joto la mchana linashindwa kutoka."

Profesa alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Swali hilo nimelikwepa miaka tisa," akasema. "Lakini hii miaka ya ukame na ya mvua inayopishana humu ni ya asili, na hoja hiyo siiachi."

"Nani kakwambia uiache?" daktari akauliza. "Asili inapandisha na kushusha. Sisi tunapandisha tu."

Mama Nyuzi hakufukuzwa. Amri ilitoka juu kiyoyozi kiondolewe, na Mkuu, kwa jasho lake mwenyewe, akagundua kuwa ofisi yake ina dirisha. Makala ya utafiti huo ilipochapishwa, jina la msoma vipimo lilikuwa la tatu, chini ya wale wawili. Aliisoma mara mbili, hakuelewa kurasa nne za katikati, akalia kidogo jikoni.

Profesa naye ubishi hakuuacha moja kwa moja. Kila mwisho wa mwezi hupiga simu.

"Mama, safari hii nyuzi hazijashuka hata kidogo?"

"Hazijashuka, Profesa. Nikizipunguza ili ulale vizuri, nani ataniamini nikisema nje kunanyesha?"