Siku Tuliyonyamaza Seeb

Mimi nikitazama mbio siwezi kukaa kimya. Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong, nilimchagua farasi mmoja kwa sababu tu ya miguu yake myeupe, nikampigia kelele mpaka sauti ikakauka. Akashika mkia, na bado nikatoka nimefurahi. Kwa hiyo nilipofika Maskati mwaka 1999 kumtembelea shangazi yangu Hamdiya, nilitangaza mapema kwamba ngome nitaziona kwenye kadi za posta. Mimi nipelekeni kwenye farasi.

"Ushafika pahala pake," akasema shangazi, akanionesha mumewe kwa kidevu.

Mumewe, ami Ghanim, alikuwa karani wa bohari wizarani, mtu mzima mwenye kitambi kidogo na kalamu mfukoni. Alizaliwa Unguja, na mpaka anahamia Omani, kijana wa miaka thelathini, hakuwa amepanda mnyama yeyote isipokuwa punda. Siku ya Idi yake ya kwanza Maskati, akapelekwa kutazama ardha, na tangu siku hiyo hakupona.

Ardha nilieleweshwa mezani, na sikuipenda. Farasi wawili hutimka bega kwa bega, wapandaji wameshikana mikono, na mmoja wao husimama wima mgongoni mwa farasi wake huku mwendo ni ule ule. Sifa ni kufika sawasawa. Anayemtangulia mwenzake ameharibu.

"Sasa mshindi nani?" nikauliza.

"Hakuna."

"Basi watu wanakwenda kutazama nini?"

"Njoo Ijumaa utazame mwenyewe, mwanangu," akasema, wala hakukasirika. Mimi ningekasirika.

Kujifunza kulimchukua miaka. Kila alfajiri alikwenda zizini, akarudi kuoga, akavaa kanzu safi, akaenda kazini. Shangazi anaapa kwamba kwa muda mrefu alinuka farasi mpaka kwenye harusi za watu. Wenyeji walimcheka, Mzinjibari wa ofisini anayeng'ang'ania hatamu kama usukani wa baiskeli. Lakini kucheka si kitu. Tabu ilikuwa mwenzi. Hakuna aliyetaka kumpa mkono, maana kwenye ardha ukimpa mtu mkono umempa na shingo yako.

Aliyempa ni Salem, mfuga farasi wa pale Seeb, asiyejua hata neno moja la Kiswahili. Salem alisimama, Ghanim akamshikilia, na ikawa hivyo mwaka hadi mwaka. Ghanim alikuwa na farasi jike mwenye mbio kuliko wa Salem, na kila mtu alijua angeweza kushinda vikombe kwenye mbio za kawaida. Yeye alimfundisha kumsubiri mwenzake. Niliposikia hayo nilitikisa kichwa, lakini nilianza kumtazama vingine yule mzee na kalamu yake.

Kisha sukari ikamla Salem macho. Akawa anaona mwanga na vivuli tu, na akaendelea kupanda kwa kusikiliza: Ghanim akisema "simama", husimama. Walisemezana kwa Kiarabu, bila shaka. Idi iliyopita mtu mmoja kwenye umati alishikwa na furaha, akapiga ukelele huo huo, "Simama!" Salem akadhani ni Ghanim. Akasimama kabla ya wakati, akanyoosha mkono, akakosa, akaanguka. Alitolewa uwanjani ndani ya blanketi, watu wanatazama.

Mbavu zilipona. Blanketi ndilo halikumtoka moyoni. Alitaka kupanda mara moja tu, atoke uwanjani juu ya farasi, kisha aache. Wanawe walikataa, akawashinda kwa ubishi. Wakamwendea Ghanim na kumwambia mbele ya watu kwamba baba yao akianguka tena, nyumba yao na yake basi. Ghanim akawaambia, "Nimewasikia."

Hayo shangazi alinieleza Ijumaa yenyewe, garini, tunatoka nyumbani kwao Mawaleh. Na hapo ndipo nikajua habari iliyonihusu mimi.

"Ami yako kamfundisha Salem Kiswahili," akasema. "Maneno matatu. Mkono, simama, kaa. Uwanja mzima utapiga kelele kwa Kiarabu, Kiswahili kitakuwa chake yeye peke yake. Kwa hiyo wakipita wao, mwanangu, mdomo wako uufunge."

"Shangazi! Nimetoka Mombasa mpaka huku nije nifunge mdomo?"

"Si wewe tu. Nimewapigia simu Wazinjibari wote nnaowajua. Na Salem hana habari kama tumeambiana, asije akaona haya."

Nilinuna mpaka tukafika.

Jukwaani, upande wa wanawake, nusu walikuwa watu wetu, wanaokaa hapo kila mara kumshangilia ami Ghanim na Salem, na chupa zao za kahawa na soga za nguvu. Jozi za mwanzo zilipopita tulipiga kelele tutakavyo. Niliona farasi waliopambwa fedha kifuani, vijana wameshikana viganja, vumbi linawafuata, na nikasahau kabisa kuuliza mshindi. Palikuwa pazuri jamani, nasema kweli. Halafu shangazi akainua kidole, na sisi wote tukanyamaza.

Walitokea mwisho wa uwanja. Waarabu walikuwa wanashangilia kwa nguvu, wengi walijua ni nani yule. Jike la ami Ghanim lilikuwa limekunja shingo, linataka kuondoka, na yeye amelizuia kwa mkono mmoja, vichwa vya farasi viko sawa. Nikaisikia sauti yake, ya juu, si ile ya nyumbani.

"Mkono!"

Mkono wa Salem ukatoka, ukapapasa hewa. Ghanim akaudaka.

Neno "simama" lilikuwa ulimini mwangu, linanichoma. Nikachukua ncha ya mtandio wangu nikaijaza mdomoni.

"Simama, Salem! Simama!"

Akaanza kuinuka, kwanza amejikunja, halafu magoti yakanyooka. Miguu mitupu, ndevu nyeupe, uso umeelekea mahali asipopaona. Walipita mbele yetu hivyo, amesimama wima kabisa, na hakuna farasi aliyemtangulia mwenzake. Mbele zaidi tukasikia "Kaa!" na Salem akakaa.

Shangazi alikuwa analia. Mimi pia, na mtandio bado umo mdomoni.

Walirudi kwa mwendo wa polepole, na kidole cha shangazi bado kiko juu. Mwana mkubwa wa Salem aliruka uzio, akamfikia ami Ghanim kwanza kabla ya baba yake, akamwinamisha, akambusu kichwa. Kisha Salem akasimamisha farasi mbele ya jukwaa letu. Akatega sikio, akageuza uso huku na huku kututafuta, na uso ule ulikuwa umeingia huzuni. Akamuuliza mwenzake kwa Kiarabu ambacho hata mimi nilikielewa:

"Ghanim, Wazinjibari leo hawakuja?"

Nikautoa mtandio mdomoni.